FARAGHA NI AMANA

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba afya na faragha ni neema mbili ambazo watu wengi hupunjika ndani yake. Kupunjika ni neno la sokoni. Mtu hupunjika anapotoa mali ya thamani kwa bei duni, na mara nyingi huondoka akicheka, kwani hajui alichopoteza mpaka afike nyumbani. Basi leo twauliza: faragha yetu yaenda wapi, na ni nani atakayeulizwa kwayo?

Faragha tuikusudiayo si kule kukaa bure tu. Ni ile saa ambayo moyo na akili vimekusanyika pahali pamoja. Katika saa hiyo mtu huhifadhi aya, hutunga kasida, hupanga maneno ya kumnasihi mwanawe, au hushona kofia ya viua. Mama ashonaye kofia alijua jambo hili bila ya kitabu: vitundu vile ni vidogo, na macho yakiruka mara moja tu, ua zima hupotoka. Imamu Ghazali katika Ihya ameeleza mengi juu ya kuhudhuria kwa moyo katika sala. Nasi twasema kwamba moyo usiozoea kuhudhuria popote nje ya sala, ni taabu kuuita ghafla ukahudhuria ndani ya sala.

Saa hii ina wezi wawili, na hukumu zao si moja.

Mwizi wa kwanza ni uchovu. Huku Chonyonyo, wilayani Karagwe, ninakosomesha, watu huishi kwa migomba, kahawa na maharage. Mama hutoka na jembe asubuhi. Akirudi, kuni, maji na sufuria ya ndizi vyamngojea. Usiku akikaa kitako, akili yake ni kama taa iliyokwisha mafuta. Nanyi wa pwani mnao wenu: kuli wa bandarini, muuza duka asiyefunga mpaka saa nne za usiku, karani ambaye mkubwa wake humpigia simu hata baada ya Isha. Watu hawa haifai kuwaambia kwamba wanapoteza wakati. Wakati wao wamekwisha kuutoa wote. Kumlaumu aliyechoka kwa kuwa hasomi wala hatungi ni kama kumlaumu mwenye njaa kwa kuwa hatoi sadaka.

Mwizi wa pili ni simu ya mkononi, na huyu twamfungulia mlango wenyewe. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani walifika huku Karagwe kwa njia ya Tabora, wakaweka kituo chao Kafuro, karibu na makao ya Mfalme Rumanyika. Safari ilikuwa ya miezi, na barua ikaja kwa mwendo wa miguu. Barua ya namna hiyo mtu huisoma mpaka mwisho, akairudia, akaijibu kwa fikira. Leo habari ya Mombasa yatufikia huku papo kwa papo, pamoja na mipira, vichekesho na fitina, na hapana hata moja isomwayo mara mbili.

Chuoni tulipokuwa watoto, ubao haukuoshwa mpaka mtoto aonyeshe kwamba somo limeingia moyoni. Simu ni ubao unaojiosha kila kidole kipitapo, kabla somo halijaingia popote. Tena ukurasa wa kitabu una mwisho, bali mambo ya simu hayana mwisho. Walioyatengeneza wamekusudia hivyo, kwani macho yetu ndiyo bidhaa wanayowauzia wenye matangazo.

Huenda mtu akasema: "Sheikh, mimi nimechoka, na simu ndiyo mapumziko yangu." Neno hili si la kupuuzwa. Chombo chenyewe si haramu. Kwa simu twasikiliza darsa na kumjulia hali ndugu aliye Maskati. Lakini mapumziko hujulikana kwa hali atokayo nayo mtu. Mwenyezi Mungu katika Sura ya An-Nabaa ametaja usingizi kuwa ni mapumziko na usiku kuwa ni kifuniko. Aliyelala saa mbili huamka na nguvu. Aliyetazama simu saa mbili huinuka macho mekundu na moyo umetawanyika. Basi mwizi wa pili humwibia yule yule aliyekwisha kuibiwa na wa kwanza.

Wala kazi peke yake haiui kipaji. Sheikh Abdulla Saleh Farsy alikuwa mwalimu wa skuli Unguja, kisha Kadhi wa huko tangu 1960, na 1968 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Pamoja na mizigo hiyo, tafsiri yake ya Qurani nzima kwa Kiswahili ilitoka 1969. Shaaban Robert naye aliingia kazi ya serikali 1926, akawa karani miaka mingi, na huku akitunga. Kinachoua kipaji ni kazi isiyo na mpaka, ikafuatwa na mapumziko yasiyopumzisha.

Sasa tuje kwenye swali la nani ataulizwa. Salman alipomzuru Abu Dardaa alimkuta amezama katika ibada hata mkewe na mwili wake wamekosa haki zao. Akamkumbusha kwamba Mola ana haki, nafsi ina haki, na watu wa nyumbani wana haki, na Mtume (s.a.w.) akamsadiki Salman. Ikiwa ibada ya sunna imewekewa mpaka, itakuwaje biashara, na itakuwaje simu? Mume akaaye barazani na simu yake hali mkewe angali jikoni, faragha ile ameikopa kwa nani, na atailipa lini? Na tajiri amwitaye mfanyakazi wake usiku kwa jambo lingaloweza kungoja asubuhi, amenunua kazi yake au amenunua na umri wake?

Basi ushauri wetu ni mchache. Baina ya Magharibi na Isha simu zote ziwekwe kapuni, na ya baba itangulie. Baada ya Alfajiri, wakati ambao Mtume (s.a.w.) ameuombea umma wake baraka, kila mtu wa nyumba apate nusu saa yake ya kusoma, kutunga au kushona. Na ili mama na binti nao waipate nusu saa hiyo, wanaume na washike ndoo na ufagio.

Siku ya Kiyama kila mja ataulizwa umri wake ameumalizia katika nini. Wako miongoni mwetu watakaoulizwa zaidi: umri wa wenzao, wao waliumalizia katika nini?

Wabillahi tawfiq.