Tabibu Akishauriwa na Mtambo, Dhamana Ni ya Nani?

Ndugu yetu mmoja, mtu wa Mombasa aliyehamia Nairobi kwa ajili ya kazi na sasa akaa mtaa wa Tena, ametuletea swali ambalo tumeona si lake peke yake. Asema kuwa alimpeleka mwanawe mwenye homa kwenye zahanati moja ya huko mashariki ya mji. Tabibu alisikiliza, akaandika maneno yake katika kompyuta, na alipokuwa karibu kumaliza ikatokea alama nyekundu kwenye kioo. Akasoma, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mtoto huyu ametoka safari siku hizi?" Akajibiwa kuwa wiki mbili zilizopita alikuwa kwa bibi yake Kwale. Hapo tabibu akaamuru damu yake ipimwe malaria. Basi ndugu yetu auliza: mtoto wangu ametibiwa na mtu, au ametibiwa na mtambo? Na lau mtambo ungekosea, ningemdai nani? Mama yake mzazi, aliyekuwapo, yeye hakungoja jawabu la mtu. Alikata shauri palepale kuwa tabibu anayehitaji kuambiwa na kioo hajui kazi yake.

Tena ni mtaa ulio karibu na Umoja na Donholm, katika ile sehemu ya Nairobi yenye nyumba za ghorofa zilizosongamana, na watu wetu wa pwani wamo humo. Wanaporudi nyumbani wakati wa likizo hutusimulia mambo kama haya, na wasikilizaji hugawanyika. Wako wanaosema kila kitokacho kwenye kompyuta ni kweli, na wako wanaosema kila kitokacho humo ni uchawi wa Wazungu. Makundi yote mawili yamekwepa kazi ya kufikiri, na sisi hatuyafuati.

Kwanza tuujue mtambo wenyewe. Hisabu iliyo ndani yake si ngeni kwetu kama watu wadhanivyo. Neno algorithimu, ambalo kwalo mafundi hawa huutaja utaratibu wa kutatua jambo hatua kwa hatua, latokana na jina la al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Na kupambanua maradhi kwa kuzipanga dalili ni kazi kongwe. Abu Bakr al-Razi, aliyefariki yapata mwaka 925, aliandika risala nzima ya kutenga ndui na surua. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa chuo cha Stanford, Marekani, walifanya programu iliyoitwa MYCIN, waliyoijaza kanuni mia kadha ili imshauri daktari dawa ya maradhi yaliyoingia katika damu. Ilipojaribiwa, majibu yake yalilingana na ya mabingwa. Lakini haikupata kutumiwa kwa wagonjwa, na moja katika mambo yaliyoizuia ni hilihili aliloliuliza ndugu yetu wa Tena: ikikosea, atashikwa nani?

Mitambo ya leo, iitwayo akili mnemba au akili unde, haikupewa kanuni moja moja namna hiyo. Imesomeshwa maandishi mengi mno yaliyoandikwa na watu, ikajifunza ni dalili gani huandamana na maradhi gani, na ni swali gani hufuata jawabu gani. Haimwoni mgonjwa wala haimshiki mkono. Huyaona yale tu yaliyoandikwa. Msomaji alishike hili, maana tutalirudia.

Sasa, je, mitambo hii yafaa? Hapa hatuna haja ya kusafiri mbali, kwa sababu jaribio kubwa katika haya limefanywa Nairobi yenyewe. Mwaka 2025 zahanati za Penda Health, zikishirikiana na kampuni ya OpenAI ya Marekani, zilitangaza matokeo ya kazi iliyofanywa katika zahanati 15 na kukusanya ziara za wagonjwa 39,849. Matabibu waligawanywa kwa kura: wengine walipewa mtambo, wengine wakaachwa bila yake. Aliyepewa aliandika kama kawaida yake, na mtambo ukasoma nyuma yake kimya kimya. Alama ya kijani maana yake hakuna neno. Ya manjano, tazama ukipenda. Ya nyekundu, simama usome kabla ya kuendelea. Akiisha kusoma, hiari ni yake kukubali au kukataa. Kisha madaktari 108 wasiokuwa wa zahanati hizo waliyapitia maandishi ya ziara 5,666 kutafuta makosa. Wakaona kuwa kwa wale wenye mtambo, makosa ya kutambua maradhi yalikuwa machache kwa asilimia 16, na makosa ya matibabu kwa asilimia 13.

Ni kheri kubwa hiyo, wala si haki kuidharau. Hata hivyo yapasa kusema kuwa mmoja katika waliopima ndiye aliyeuza, na mwenye asali akituambia asali yake ni tamu twamsikiliza, lakini twangoja na mwingine aonje. Tena wagonjwa walipoulizwa baadaye kama wamepata nafuu, tofauti ya makundi mawili ilikuwa ndogo: waliosema hawajapata nafuu walikuwa asilimia 3.8 kwa wenye mtambo na asilimia 4.3 kwa wasio nao, na kwa kanuni za hisabu tofauti kama hiyo haitoshi kuthibitisha kitu. Kupungua kwa makosa katika maandishi ni jambo moja, na mgonjwa kuinuka kitandani ni jambo jingine.

Lakini ndani ya khabari hizo imo hesabu moja ambayo kwetu sisi ndiyo yenye maana kushinda zote. Makosa yaliyopungua zaidi hayakuwa ya dawa wala ya vipimo. Yalikuwa makosa ya kuuliza: kumhoji mgonjwa ameanza lini, amekula nini, ametoka wapi, ametumia dawa gani. Hayo yalipungua kwa asilimia 32. Na matabibu waliozoea mtambo waliendelea kupata alama nyekundu chache zaidi hata pale mwanzo, kabla ya kuonywa, yaani walikuwa wamejifunza kuuliza wenyewe.

Basi tuitazame kwa jicho hilo khabari ya mtoto wa Tena. Nairobi iko juu, mita 1,700 na ushei kutoka usawa wa bahari, na malaria si maradhi ya kila nyumba huko kama yalivyo Kwale. Tabibu wa Nairobi aonaye homa arobaini kwa siku aweza kabisa kusahau kuuliza safari. Mtambo haukujua kuwa mtoto alikwenda Kwale. Haukuwa na njia ya kujua. Ulichojua ni kuwa swali halikuulizwa. Aliyeuliza ni tabibu, aliyejibu ni mzazi, na malaria ilitafutwa kwa sababu ya jawabu la mzazi. Kwa hivyo jawabu letu kwa sehemu ya kwanza ya swali ni hili: mtoto ametibiwa na mtu aliyekumbushwa. Na mama yetu tunamwambia kwa heshima kuwa anayekubali kukumbushwa mbele ya mgonjwa hajapungukiwa na ilimu. Tabibu wa kumwogopa ni yule aliyeiona alama, akaona haya mbele ya wazee, akaifunga.

Ila kuna tabibu wa pili wa kumwogopa, na huyu twaona ndiye atakayezidi siku zijazo. Ni yule ambaye hafikiri mpaka aonywe. Mwaka huohuo wa 2025 ilitangazwa khabari kutoka Poland, juu ya madaktari waangaliao utumbo kwa kamera ili kutafuta vivimbe viwezavyo kugeuka saratani. Walikuwa wamepewa mtambo wa kuwaonyesha vivimbe hivyo. Wachunguzi wakazitazama zile siku ambazo madaktari walifanya kazi bila ya mtambo, wakalinganisha na hali yao kabla hawajauzoea. Zamani walikuwa wakiviona katika wagonjwa 28.4 kwa kila mia. Baada ya kuuzoea mtambo, walipoachwa peke yao, waliviona katika 22.4. Nao walikuwa mabingwa wa miaka mingi. Jicho lililotegemea jicho la mwingine lilikuwa limeanza kusinzia.

Hata tukimpata tabibu aliye macho, mtambo wenyewe waweza kuwa umefundishwa dhulma bila ya aliyeufundisha kukusudia. Mwaka 2019 ilidhihirika Marekani kuwa programu moja iliyotumiwa na mahospitali kuchagua wagonjwa wa kuangaliwa zaidi ilikuwa ikiwarudisha nyuma watu weusi. Haikuambiwa rangi ya mtu. Iliambiwa ikadirie ugonjwa kwa fedha zilizotumika kumtibu mtu, na kwa kuwa watu weusi hutumiliwa fedha chache hata wanapokuwa wagonjwa zaidi, programu ikawahesabu kuwa wana afya. Ni kama mwenye duka atakaye kujua nani ana njaa mtaani, akafungua daftari la waliokwisha nunua. Wachunguzi walikadiria kuwa kosa hilo likisahihishwa, watu weusi katika waliochaguliwa wangetoka asilimia 17.7 wafike 46.5. Sisi tuliomo katika nchi ambako wengi hufa pasina kuandikwa popote tuna sababu ya kuuliza mtambo uletwao kwetu umesomeshwa daftari la nani.

Twarudi kwenye dhamana. Mafakihi wetu wa zamani waliikata mas'ala ya tabibu kwa kutofautisha: anayetibu na hajulikani kuwa na ilimu ya utabibu hulipa alichoharibu, na aliye na ilimu, akafuata kanuni za kazi yake kwa idhini ya mgonjwa, hashikwi kwa jambo asilolizembea. Mtambo hauwezi kuingia katika hukumu hii kama mshitakiwa. Hauna dhima, hauna mali, hauna aibu, hauwezi kujuta wala kufungwa. Atakayesema "mtambo ndio uliokosea" amesema maneno yasiyokuwa na mtu ndani yake. Tabibu hubeba alichokiandika na kukitia sahihi, akiwa ameshauriwa na mtambo au na rafiki yake. Mwenye zahanati hubeba kuuchagua mtambo huo, na kumlazimisha tabibu aone watu wengi hata asipate nafasi ya kusoma alama nyekundu. Mfanyaji wa mtambo hubeba aliyoyaficha katika upungufu wake. Wakigombana wao kwa wao, hilo si la mgonjwa. Yeye alimpa amana yake mtu aliyekaa mbele yake, na kwa huyo ndiko aanze kudai.

Na tunathubutu kwenda mbele zaidi. Ikithibitika, kwa mizani ya wasiouza, kuwa chombo hiki chapunguza makosa, basi kukiacha kwa kiburi nako kutakuwa ni uzembe, kama ambavyo leo ungekuwa uzembe kukisia homa ya mtu kwa kiganja na kipimo kiko mezani.

Mgonjwa naye hana udhuru wa kukaa kitako. Tumesema mtambo huona yaliyoandikwa tu. Mtu aliyekunywa vidonge vya dukani siku tatu, au dawa ya mitishamba, kisha akaficha kwa haya, amemdanganya tabibu na mtambo kwa pamoja. Na ana haki ya kuuliza maneno yake yapelekwa wapi. Katika jaribio la Nairobi maandishi yalipelekwa bila ya jina la mgonjwa, nayo ndiyo iliyo sawa. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 huihesabu khabari ya afya ya mtu kuwa ni nyeti. Lakini sheria haina nguvu kwa mtu asiyeuliza.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililotufanya tuandike kwa urefu huu badala ya kumjibu ndugu yetu kwa barua. Mwaka 2024 madaktari wa hospitali za serikali nchini Kenya waligoma siku 56, na walioumia ni wale wasiokuwa na fedha za kwenda kwingine. Watu wakichoka kwa mambo kama hayo, atatokea wa kusema: madaktari ni ghali na ni wagomvi, tuwape mafukara mtambo. Atazishika hesabu za Nairobi mkononi kuwa ndizo ushahidi wake. Na hazimshuhudilii. Jaribio lile lilimlinganisha tabibu mwenye mtambo na tabibu asiye nao. Katika zahanati zote 15 hakuna chumba hata kimoja alimoingia mgonjwa akakuta mtambo peke yake. Lililothibiti, kama limethibiti, ni kuwa mtu aliyesomea kazi yake hufanya vyema zaidi akiwa na wa kumkumbusha. Siku watakapokuja wakubwa Tena, au Majengo, au Kisauni, na sanduku linalozungumza, wakasema kuwa hili ndilo daktari wenu, waulizwe ni lini wao na watoto wao walitibiwa na sanduku hilo pasipo mtu.