Bei Poa, Lakini Umekisoma?

Jamani wapenzi wenzangu wa riwaya za upelelezi, nani kati yetu hajamwambia mshikaji, "Kamata hiki upesi, kimeshushwa bei!" Kitabu chenyewe ni cha kusomea kwenye simu, senti 99 za dola. Mimi nimeshasema hivyo, tena kwa kitabu nisichokifungua. Najiuliza: nilisifia kitabu au nilisifia bei?

Utasema hela ni ndogo. Sawa, lakini usiku aliokesha rafiki yangu akisoma upuuzi haurudi. Aliamini neno langu, si bei.

Halafu yupo mtu wa tatu, mwandishi. Anayejichapishia kwenye Kindle, kitabu kikiuzwa chini ya dola 2.99, kwa kawaida hupata asilimia 35 tu. Yaani katika senti 99, zake ni kama 35. Arthur Conan Doyle naye aliuza haki zote za A Study in Scarlet, kisa cha kwanza cha Sherlock Holmes kilichotoka 1887, kwa pauni 25 basi.

Je, tususie vya bei nafuu? Hapana, bwana! Mara nyingine mwandishi mwenyewe hushusha bei ili apate wasomaji. Ila tusome kwanza, ndipo tusifie. Bei ije mwisho. Na kikikukosesha usingizi, cha pili kinunue kwa bei kamili.

Wewe unayeandika usiku, kesho senti 35 hizo ni zako.