Chupa Iliyoondoka na Maji Yetu

Nilikuwa darasa la tatu walipokuja watu wawili wa maji kijijini kwetu, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Gari waliliacha barabarani, wakashuka kwa miguu hadi kwenye chemchemi tunakochota. Mmoja akaisuuza chupa mara tatu kwa maji yaleyale, akaijaza, akaifunga, akaiandika namba kwa kalamu ya wino mzito. Bibi yangu alikuwa pale na ndoo yake. Akawauliza, "Sasa majibu tutayapata lini?" Yule kijana akajibu kwa adabu kabisa, "Yatakuja, bibi."

Bibi alifariki mwaka 2011. Majibu hayajafika mpaka leo.

Nakumbuka chupa ile kila nikisikia kwamba serikali inapima mito na maji ya ardhini. Na kweli inapima. Tanzania Bara imegawanywa katika mabonde 9 ya maji, na kila bonde lina bodi yake. Sisi tuko Bonde la Pangani, ambalo bodi yake ilianza kazi mwaka 1991. Kuna mbao zenye namba zilizosimikwa mitoni kuonyesha kina, kuna visima vya kuangalia maji yameshuka kiasi gani chini ya ardhi, kuna watu wanaozunguka na chupa. Ni kazi ngumu, na mimi siidharau. Swali langu ni jingine, na limenikaa miaka mingi: mtu akipima maji ninayokunywa, akajua yana nini, kile alichokijua ni cha nani?

Niseme kwanza maji yetu yana nini. Yana floraidi. Miamba ya volkano katika Bonde la Ufa inayo kwa wingi, na maji yanapopita humo huibeba. Ikiwa kidogo, hulinda meno. Ikizidi, huyaharibu, na ikizidi sana kwa miaka mingi hukaza na kupinda mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwetu kuna vyanzo vinavyopita hapo mara kadhaa. Ubaya wake ni kwamba huioni, huinusi, wala huionji. Ukichemsha maji haitoki, tena yanayobaki sufuriani huwa nayo zaidi kwa kila lita. Na meno huathirika yakiwa bado yanajijenga ndani ya ufizi, yaani utotoni. Yakishaota ya kahawia, ndiyo hivyo tena.

Yangu yaliota ya kahawia.

Shuleni tulikuwa na ukaguzi wa usafi kila Jumatatu. Kucha, nywele, meno. Alikuja mwalimu mmoja mgeni kutoka mkoa mwingine, akafika mbele yangu akasema, "Fungua mdomo." Nikafungua. Akaniuliza kwa nini sipigi mswaki. Nikasema napiga. Nikachapwa mara mbili: moja ya meno, nyingine ya uongo. Nilirudi nyumbani nikasugua kwa mkaa, kesho yake kwa majivu, mpaka fizi zikatoa damu. Bibi alinitazama tu. Yake yalikuwa hivyohivyo, na yeye alidhani ndivyo tulivyoumbwa.

Mpaka leo nikicheka mkono unakwenda mdomoni wenyewe. Nimekaa Dar es Salaam miaka mingi, na bado kuna mtu atanitazama meno kabla ya macho aniulize, "Wewe wa Arusha, eh?"

Simlaumu sana yule mwalimu. Hakujua. Lakini wakati fimbo ile inashuka, kulikuwa na namba mahali fulani, kwenye daftari fulani, iliyojua kwamba nasema kweli. Hapo ndipo swali langu linapoanzia. Taarifa ikifichwa, mahali pake hapabaki wazi. Kitu kingine huja kupajaza, na kwetu ilikuja aibu. Watoto wa kijiji kizima tulibebeshwa uchafu ambao haukuwa wetu.

Nilipokua nikasoma jambo lililonikosesha usingizi. Katika miaka ya 1970 nchi yetu ilijiwekea kiwango chake cha muda kwa maji ya vijijini: floraidi miligramu 8 kwa lita. Nane! Zaidi ya mara tano ya ushauri wa Shirika la Afya Duniani. Baadaye kikashushwa hadi 4, na miaka ya karibuni kikafika 1.5.

Nilikasirika, halafu nikapata bahati ya kuzungumza na mzee mmoja mstaafu aliyefanya kazi ya maji maisha yake yote. Baada ya shikamoo na chai nikamtupia ile nane yangu mezani. Hakushtuka.

"Mwanangu," akasema, "tungeandika moja na nusu, tungefunga nusu ya vyanzo vya huku. Halafu mngekunywa nini? Mngekwenda kwenye madimbwi. Kipindupindu hakingojei meno yaote."

Nikakaa kimya, maana alikuwa na hoja. Kuhara kunaua mtoto kwa siku mbili. Floraidi inamharibu taratibu na kumwacha hai. Mtu mwenye maji ya aina mbili tu, yote mabaya, akachagua yale yasiyoua haraka, siwezi kumwita mwovu. Ningekuwa kwenye kiti chake, pengine na mimi ningeandika nane.

"Basi mzee," nikamuuliza, "kwa nini hamkutuambia?"

Akakoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani. "Ungemwambia mtu nini, na maji mengine huna?"

Nimelijibu swali hilo kichwani mwangu mara nyingi tangu siku ile. Mngetuambia hivi: mama, mtoto wako mpaka afike miaka minane hivi, mpe maji ya mvua. Basi. Maji anayokunywa mtoto mmoja kwa siku hayajazi hata kidumu kidogo. Mvua kwetu inanyesha, mabati tunayo. Mngesema chemchemi ya juu ina nafuu kuliko ya chini, na mama zetu wangepanda kilima kwa ajili ya kidumu hicho kimoja. Wamepanda vilima kwa mambo madogo zaidi. Mngesema tupunguze magadi kwenye makande, maana magadi nayo yana floraidi. Pale Ngurdoto kuna kituo kinachotafiti jinsi ya kuiondoa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na mifupa hatujawahi kuikosa. Kwa serikali isiyo na maji mengine ya kugawa, namba ile ilikuwa mwisho wa kazi. Kwa mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja, ingekuwa mwanzo.

Kwa hiyo sigombani na ile nane. Nagombana na neno lililopachikwa juu yake: salama. Kiwango kinaweza kusema, "Haya ndiyo maji tunayoyaweza kwa sasa." Huo ni ukweli wa mtu maskini, na hauna aibu. Lakini kikishaitwa kiwango, maji yaliyo chini yake yanaitwa salama, na neno salama likishatamkwa hakuna anayeuliza tena. Angalieni ajabu yake: kiwango kiliposhushwa, kuna watu walilala wakinywa maji salama wakaamka wanakunywa maji yasiyo salama, na hakuna hata tone moja lililobadilika.

Sisi wapenzi wa maneno tunapaswa kuliona hili kabla ya wengine. Wazee wetu walitangaza maji yao kwa majina. Kuna mji huko kwetu unaitwa Maji ya Chai, kwa sababu ya rangi ya mto wake. Kaskazini ya mlima kuna Ngarenanyuki, na kwa Kimaasai jina hilo lataja maji mekundu. Mgeni akifika tu, kabla hajainama kunywa, jina limeshamwambia kitu. Hawakuwa na maabara, lakini walichokiona walikiweka hadharani, wakakiweka mahali ambapo hakuna wa kukifungia kabatini.

Ila jina lina mpaka wake. Rangi si floraidi. Maji meupe pee yanaweza kuwa mabaya kuliko ya rangi ya chai. Jicho likishindwa, tunamtegemea mwenye kifaa, na hapo uhusiano wetu naye unabadilika. Naingiza maji yangu kwenye chupa yake, anaondoka nayo. Kiswahili kina neno la kitu kinachokabidhiwa kwa mtu namna hiyo: amana. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 yenyewe inasema maji ni ya umma na Rais ameyashika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Sasa kama maji ni amana, kilichojulikana kuhusu maji hayo nacho ni amana. Na amana, hata mtoto anajua, hurudishwa.

Najua kuna watakaosema wananchi watapata taharuki, au hawataelewa namba. Nchi hii imewahi kuyumba katika jambo hili: mwaka 2016 tulipata Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ikabanwa kiasi kwamba kutoa takwimu za kupinga zile rasmi kulikuwa kosa, mwaka uliofuata ikalegezwa. Lakini hivi, anayekunywa kitu miaka 60 atashtushwa na jina lake? Bibi hakuomba maelezo ya kikemia. Aliuliza lini.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani. Chemchemi imejengewa vizuri kwa saruji, na kuna kibao chenye mwaka na jina la mfadhili. Namba ya floraidi hakuna. Nikajaza chupa, nikaisuuza kwanza mara tatu kama nilivyomwona yule kijana, nikaipeleka maabara, nikalipa. Majibu yakaja: zaidi ya mara mbili ya kiwango cha sasa.

Niliyasoma jikoni kwa wifi yangu, mke wa kaka. Binti yao ana miaka mitatu, anacheka mdomo wazi, na meno yake ya utoto ni meupe. Ya ukubwani yako ufizini, yanajengwa. Nilikuwa nimejiandaa kueleza kuhusu volkano, kuhusu miligramu, kuhusu mifupa. Wifi akanisikiliza nusu, akanikatiza.

"Kwa hiyo wifi, mtoto anywe yapi?"

"Ya mvua."

Akanyanyuka, akachukua ndoo ndogo yenye mfuniko, akaenda kuiweka chini ya bati. Haikufika dakika moja.