Kompyuta Inayojenga Si Kompyuta Itakayotumika

Tuseme fundi wa maabara ya chuo ana seva mpya na kompyuta kadhaa za wanafunzi zenye vichakataji vya Celeron. Anataka programu ya mahesabu iende kasi, kwa hiyo anaikompaili kwenye seva kutoka msimbo chanzo, akiongeza -march=native. Anaijaribu palepale, inakwenda vizuri. Anaisambaza. Mwanafunzi anaifungua, menyu zote zinaitika, data inaingia. Akibonyeza kitufe cha kukokotoa, programu inakufa na kuacha ujumbe mmoja: amri isiyo halali.

Kwa chaguo lile la -march=native, kompaila ya GCC hukagua kichakataji cha mashine inayojenga na kutumia kila amri kinayoielewa. Seva ina AVX2, amri ambazo Intel ilizileta kwa Haswell mwaka 2013. Celeron zile hazina. Wala usidanganywe na umri wa mashine: Celeron na Pentium za kizazi cha Skylake, cha mwaka 2015, zilitoka bila hata AVX ya kwanza. Na kwa kuwa amri hizo zimejificha kwenye mahesabu tu, programu hufunguka kama mzima.

Fundi anaondoa -march=native, anafuta mafaili ya zamani, anajenga upya. Bado inakufa! Hapa ndipo wengi hupoteza siku nzima, nami lawama naiweka kwenye skripti zinazoamua kimyakimya. Programu inategemea maktaba za mahesabu zilizojengwa kwenye seva hiyohiyo. Maktaba ya GMP hutambua kichakataji yenyewe wakati wa configure, bila kuombwa, na kuchagua msimbo wa asembli unaokifaa hicho tu. OpenBLAS nayo, ikijengwa kwa mipangilio yake ya kawaida, hufanya hivyo.

Dawa ipo. GMP ijengwe kwa --enable-fat, OpenBLAS kwa DYNAMIC_ARCH=1; zote mbili zitabeba matoleo kadhaa ya msimbo huo na kuchagua linalofaa programu inapoanza. Programu yenyewe ijengwe kwa -march=x86-64, au x86-64-v2 iwapo mashine dhaifu kuliko zote inaonyesha sse4_2 ndani ya /proc/cpuinfo. Kwa anayejenga na kutumia kwenye mashine ileile, -march=native haina ubaya. Kwa anayesambaza, jaribio la kuaminika hufanywa kwenye kompyuta dhaifu kuliko zote, tena kwa kukokotoa hasa, si kwa kuifungua programu na kuifunga.