Je, Bawa Linaweza Kusema Uongo?

Jike la kipepeo Hypolimnas misippus lina mabawa ya rangi ya chungwa yenye ncha nyeusi na ukanda mweupe. Ni sura ileile ya Danaus chrysippus, kipepeo wa kila siku kuanzia Katanika, pembeni mwa Kalemie, hadi India. Danaus akiwa kiwavi hula majani ya mimea yenye utomvu mweupe, na sumu ya utomvu huo humkaa mwilini. Ndege akimla hutapika, kisha hagusi tena mwenye sura hiyo. Hypolimnas hana sumu. Dume lake wala halifanani na Danaus: ni jeusi, lenye madoa makubwa meupe yaliyozungukwa na zambarau. Huko Asia nondo Macrocilix maia amezidi hapo: mabawa yake yanaonyesha nzi wawili juu ya kinyesi cha ndege.

Anayeamini kwamba bawa hilo limeumbwa na Mungu hukutana na swali gumu: je, uumbaji unadanganya? Agostino, Mwafrika wa Thagaste, karibu mwaka 395 alifundisha kwamba mwongo ni yule mwenye hili moyoni na lile mdomoni, kwa nia ya kupotosha. Kwa kipimo hicho kipepeo hana hatia, maana hajui hata sura yake mwenyewe. Ila jibu hilo linamsafisha kiumbe na kumwacha Muumba aulizwe.

Daktari Hale Carpenter, aliyeshughulikia malale katika visiwa vya Ssese nchini Uganda, aliona jambo linalosaidia zaidi. Kipepeo Pseudacraea eurytus huiga vipepeo wenye ladha mbaya. Lakini pale wanaoigwa walipokuwa wachache, uigaji ulilegea na sura za katikati zikazidi. Ndege asiyefunzwa na sumu ya kweli haogopi sura ya mwenye sumu. Kwa hiyo mwigo hauna nguvu yake wenyewe, unaishi kwa ukweli wa mwingine, na hili linaafikiana sana na fundisho la Agostino kwamba ubaya ni upungufu wa wema, si kitu kinachosimama peke yake.

Fundisho hilo lina mpaka, na mpaka wenyewe uko ziwani. Katika Ziwa Tanganyika, samaki Plecodus straeleni ana milia kama ya samaki wengine, huwakaribia bila kushtukiwa, kisha huwang'oa magamba wakiwa hai. Ndege aliyepotoshwa na kipepeo hukosa mlo tu. Hapa kuna jeraha. Kutokuwa na nia kunamwondolea Plecodus uongo, lakini hakumpunguzii aliyejeruhiwa maumivu, na hilo ni swali jingine kabisa mbele ya Muumba.