Takwimu za Jana na Mchezo wa Kesho: Juu ya Haki ya Kutarajia

Kila ifikapo mwishoni mwa Novemba, Chuo Kikuu cha Michigan na Chuo Kikuu cha Ohio State, ambavyo timu zao za futiboli ya Kimarekani zilikutana kwa mara ya kwanza mwaka 1897, hupambana katika mchezo ambao kwa mashabiki wengi wa pande zote mbili una uzito kuliko msimu mzima uliotangulia. Siku chache kabla ya pambano hilo, takwimu za timu hizo hupangwa sambamba: wastani wa pointi kwa kila mchezo, yadi zilizopatikana kwa pasi na kwa kukimbia na mpira (yadi moja ni takribani sentimita 91), idadi ya mipira iliyopotezwa mikononi mwa wapinzani, na uwezo wa safu ya ulinzi. Anayezisoma hashughulishwi sana na yaliyopita, kwani hamu yake ni kuyajua yatakayotokea Jumamosi, siku ya mchezo. Hapo ndipo jambo linaloonekana kuwa la hesabu tupu linapogeuka kuwa suala la falsafa, kwa kuwa linadai jibu la swali la kale: yaliyokwisha kutokea yanampa mwanadamu haki gani ya kuyatarajia yale ambayo bado hayajatokea?

Swali hilo lilichambuliwa mapema na Abu Hamid al-Ghazali, mwanazuoni aliyefariki mwaka 1111, ambaye alishikilia kwamba hakuna ulazima wa kimantiki unaoufunga moto na kuungua kwa pamba. Macho huona kwamba kuungua kunafuatana na kuguswa na moto, lakini hayaoni kwamba kumetokana na moto wenyewe, na mfuatano huo ni desturi aliyoiweka Mungu, ambayo Yeye anaweza kuivunja apendapo. Zaidi ya karne sita baadaye, mwaka 1739, mwanafalsafa Mskoti David Hume, ambaye hakuitegemeza hoja yake juu ya imani ya dini, alifikia hitimisho linalofanana nalo, kwamba induksheni, yaani njia ya kuyapima yasiyoonekana kwa kuyatazama yaliyoonekana, haina msingi mwingine ila mazoea ya akili. Kabla yao, mwanafalsafa Mgiriki Aristotle naye alikuwa ameuliza iwapo kauli kwamba kesho kutakuwa na vita vya baharini ni ya kweli tangu leo, na kwa jinsi wafasiri wengi wanavyomwelewa, alikataa kwamba jambo linaloweza kuwa au kutokuwa limekwisha kuamuliwa kabla ya wakati wake. Kwa mizani ya watatu hao, jedwali la takwimu haliwezi kuwa na habari za Jumamosi, kwa sababu habari hizo bado hazipo.

Udhaifu huo wa jumla unazidi kuonekana katika futiboli ya vyuo. Msimu wa kawaida una mechi kama 12 tu, na katika daraja la juu kuna timu zaidi ya 130, hivyo timu mbili zinazolinganishwa huwa zimecheza na wapinzani tofauti, na yadi 400 zilizopatikana dhidi ya wanyonge haziwi sawa na yadi 400 zilizopatikana dhidi ya mabingwa. Zaidi ya hayo, mchezaji kwa desturi huruhusiwa misimu minne pekee, kwa hiyo rekodi inayoanzia mwaka 1897 ni rekodi ya majina mawili ambayo wanaoyabeba hubadilika daima. Mwanamantiki Mwingereza John Venn alionyesha katika karne ya 19 kwamba jambo moja lile lile linaweza kuhesabiwa katika makundi mengi, na kila kundi likatoa uwezekano wake. Je, mchezo wa Jumamosi uhesabiwe miongoni mwa michezo yote ya Michigan, au ile ya ugenini, au ile ya msimu huu, au ile iliyochezwa kwenye baridi? Takwimu zenyewe hazichagui. Huchagua mtu, na kwa kuwa mwamba ngoma huvutia kwake, shabiki wa kila upande hulipata kundi linalompendeza.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni mchezo wa tarehe 25 Novemba 1950, uliochezwa mjini Columbus katika dhoruba kali ya theluji. Katika futiboli hiyo, timu hupewa majaribio manne ya kuusogeza mpira yadi 10, na ikifaulu hupewa manne mengine; kwa hiyo idadi ya mara ambazo timu imepata majaribio mapya ni kipimo kikuu cha nguvu ya ushambuliaji. Siku hiyo Michigan haikuyapata hata mara moja, haikukamilisha pasi yoyote, ilisogea jumla ya yadi 27, na mara 24 iliupiga mpira mbali kwa mguu ili kuwaachia wapinzani, lakini ilishinda 9 kwa 3. Pointi zake zote zilitokana na mikwaju ya aina hiyo hiyo ya Ohio State iliyozuiwa karibu na mstari wao wa goli. Katika theluji ile, kuwa na mpira karibu na goli lako kulikuwa hatari kuliko kuutoa, na kwa hiyo kipimo ambacho siku zote huashiria nguvu kilikuwa kimepoteza maana yake. Takwimu za awali hazikuwa na kosa la hesabu. Kilichotoweka ni hali iliyozipa maana.

Hata hivyo, mtu akitoka hapo na kudai kwamba takwimu ni upuuzi, atakuwa amekosea kwa upande wa pili. Tarehe 30 Novemba 2024, Michigan iliyokuwa imeshinda michezo sita na kupoteza mitano iliingia Columbus kukabiliana na Ohio State iliyokuwa imeshinda kumi na kupoteza mmoja, na watabiri waliipa Ohio State ushindi wa takribani pointi 20. Michigan, iliyopata yadi 62 tu kwa pasi, ilishinda 13 kwa 10, kwa mkwaju uliopigwa sekunde 45 kabla ya mwisho, na katika kipindi cha pili Ohio State haikupata pointi hata moja. Wengi walisema takwimu zimedanganya. Lakini Januari 2025 Ohio State hiyo hiyo iliishinda timu ya chuo cha Notre Dame 34 kwa 23 na kutwaa ubingwa wa taifa, jambo linaloonyesha kwamba waliosema ni timu yenye nguvu hawakuwa wamekosea. Anayesema kwamba jambo lina nafasi tisa katika kumi amekiri tangu mwanzo kwamba mara moja katika kumi halitakuwa, na hiyo mara moja ikitokea haimfanyi mwongo.

Al-Ghazali mwenyewe hakuishia kwenye shaka. Wapinzani wake walidai kwamba, kwa hoja yake, mtu aliyeacha kitabu nyumbani hawezi kujua kama hakijageuka mnyama, naye akajibu kwamba Mungu ameumba ndani ya watu ujuzi wa kuwa mambo hayo, ingawa yanawezekana, hayatendwi. Desturi, basi, inatosha kumpa mwanadamu mwenendo wa maisha, ijapokuwa haitoshi kumpa elimu ya ghaibu.

Kutokana na hayo, hukumu ya haki juu ya takwimu za kabla ya mchezo ni kwamba zinapima kiasi ambacho akili ina haki ya kutarajia, na kipimo hicho ni cha anayetarajia kabla hakijawa cha mchezo. Anayezitumia anawajibika kutaja kiwango cha matarajio yake kabla mpira haujapigwa, kutaja pia kundi alilolichagua na sababu ya kulichagua, na kukubali kupimwa kwa utabiri wake mwingi badala ya mmoja. Asiyeweza kuyatimiza masharti hayo anashabikia tu, na ushabiki hauhitaji takwimu.