Ugeni wa Watu Wengi: Nasaha kwa Kundi Linalozuru India ya Kaskazini

Mtu akienda ugenini peke yake hupiga hodi, husubiri, hutazama wenyeji wanavua viatu wapi. Watu thelathini wakishuka pamoja kwenye basi la utalii hawapigi hodi. Kila mmoja humwona mwenzake anacheka kwa sauti, naye hucheka. Humwona mwenzake kainua simu, naye huinua yake. Dakika kumi hazipiti kabla kundi zima halijasahau kwamba liko kwa watu. Anayekwenda India ya kaskazini kwa mara ya kwanza ataelezwa na wakala wake habari za viza, chanjo na maji ya kunywa. Linalopitiwa harakaharaka ni hili la kuwa mgeni mkiwa wengi, nalo ndilo linaloharibu ziara nyingi.

Ziara za kwanza karibu zote hushika njia ileile: Delhi, Agra, Jaipur, na kwa wenye siku za ziada, Varanasi upande wa mashariki au Amritsar karibu na mpaka wa Pakistan. Kutoka Delhi hadi Agra ni kama kilomita 230, na kutoka Agra hadi Jaipur hazipungui sana hapo. Kwa kutazama ramani mtu huona ni safari ya kwenda na kurudi. Lakini barabarani kuna matrekta yaliyosheheni miwa, ng'ombe waliolala katikati ya njia na misafara ya harusi, na ikifika Desemba na Januari ukungu hutanda kwenye bonde lote la mto Ganga, treni zikachelewa kwa saa nyingi na ndege zikashindwa kuruka. Ndiyo maana adabu ya kwanza ya kundi ni kuheshimu saa. Mwongoza watalii akisema basi litaondoka hotelini Agra saa kumi na moja alfajiri, amekwisha kupiga hesabu ya foleni ya tiketi, ya ukaguzi wa mifuko, na ya mwanga wa jua la kwanza kwenye marumaru. Anayeshuka robo saa baadaye akiomba radhi huku anafunga kamba za viatu amewapunguzia wenzake wote kitu walichokilipia, na radhi haikirudishi.

Wanaopanga ratiba nao wana wajibu wao. Taj Mahal haifunguliwi kwa watalii siku ya Ijumaa, kwa kuwa msikiti wake husaliwa. Ngome Nyekundu ya Delhi hufungwa Jumatatu, na hekalu kubwa la Akshardham vilevile.

Langoni Taj Mahal ndipo hasira ya kwanza huzuka. Mgeni kutoka nje hutozwa rupia 1,100, mwenyeji hulipa 50, na yeyote anayetaka kuingia ndani ya kaburi huongeza 200. Wapo wanaomfokea karani wa tiketi kana kwamba ndiye aliyepanga bei. Mtanzania au Mkenya hapaswi kuwa miongoni mwao, kwani Serengeti na Maasai Mara mgeni hulipa mara nyingi ya anacholipa mwananchi, na sababu inayotolewa ni ileile: mwenyeji amekwisha kuchangia kwa kodi. Alipe, aingie, asimharibie mwenzake asubuhi. Na kabla ya foleni aache hotelini biskuti, sigara, viberiti na miguu ya kamera, maana askari watavitoa mfukoni kimoja kimoja huku watu mia wanangoja nyuma yake.

Ndani ni kaburi. Watu hulisahau jambo hili kwa sababu ya uzuri wa jengo. Mumtaz Mahal alifariki mwaka 1631 akijifungua mtoto wa kumi na nne, na mumewe, Shah Jahan, akaanza kumjengea mwaka uliofuata. Hatimaye naye akazikwa ubavuni pake. Kupiga picha humo kumekatazwa, na viatu huvuliwa au huvikwa mifuko ya kitambaa. Kuba lile hurudisha kila sauti na kuirefusha, hata mnong'ono wa watu ishirini hugeuka kelele ya soko. Wapo wanaopiga ukelele makusudi ili wasikie mwangwi. Kundi lenye adabu humaliza maswali yake nje, bustanini, likaingia kimya na kutoka kimya.

Msafiri wa Pwani hufika India na nusu ya adabu anazohitaji. Kuvua viatu mlangoni, kula kwa mkono wa kulia, kupokea kitu kwa mkono huohuo, kumwamkia mkubwa kwanza: haya hafundishwi na mtu. Kosa lake huwa ni kudhani kwamba nusu ya pili nayo anaijua. Mwislamu kutoka Tanga au Lamu akifika Jama Masjid ya Delhi yuko nyumbani, na wenzake wasio Waislamu wawe tayari kungoja nje wakati wa sala bila kunung'unika. Lakini kwenye kaburi la walii Nizamuddin Auliya, si mbali na hapo, ambako qawwali, nyimbo za ibada za Kisufi, huimbwa jioni ya Alhamisi, mwanamke haingii chumba cha ndani, na mwanamume huingia kichwa kikiwa kimefunikwa. Ikiwa desturi hiyo haimpendezi, si mahali pa kuijadili. Watu wamekwenda pale na shida zao, wamefunga nyuzi za nadhiri na wanalia.

Amritsar inahitaji maneno zaidi, kwa sababu huko mgeni hatazami tu, anakaribishwa kula.

Hekalu la Dhahabu la Masingasinga lina milango minne, kila upande mmoja, ishara kwamba mtu wa dini yoyote, wa tabaka lolote, anaingia. Masharti ni machache na hayana mjadala: kichwa kifunikwe, na vitambaa hutolewa bure kwa asiye na chake, viatu viachwe, miguu ipite kwenye kijito cha maji kilichoko mlangoni, tumbaku na pombe visiingie hata mfukoni. Ziwa linalozunguka hekalu ni takatifu, kwa hiyo kukaa ukingoni na kuning'iniza miguu majini, jambo ambalo mtu aliyechoka kwa joto hulifanya bila kufikiri, ni tusi.

Kisha kuna langar, jiko la jumuiya. Desturi yake hupelekwa hadi kwa Guru Nanak, mwasisi wa dini hiyo, aliyefariki mwaka 1539, na hapa Amritsar makumi ya maelfu ya watu hulishwa kila siku bila malipo. Mgeni hupewa sinia la chuma, huingia ukumbini na kukaa chini kwenye mkeka, bega kwa bega na yeyote aliyetangulia: mkulima, hakimu, mwanafunzi. Wanaojitolea hupita na ndoo za dengu na wali wa maziwa, na mwingine na kikapu cha chapati. Hapo ndipo wageni wengi hukosea. Chapati haichukuliwi kwa vidole kutoka kikapuni, wala haingojwi kuwekwa siniani: mtu hukinga viganja viwili vilivyo wazi, akaipokea. Haombi kijiko cha pekee, hainuki kubadili nafasi ili akae na rafiki yake, na habakishi. Kupewa tena na tena ni kawaida, kwa hiyo achukue kidogo kwanza. Akimaliza hubeba sinia lake hadi kwa waoshaji, na akitaka kushukuru kwa vitendo, nafasi ya kuosha vyombo au kumenya vitunguu ipo kwa kila mtu. Kundi linaloacha kamera begani kwa nusu saa na kukaa kwenye vile vitunguu litaijua Amritsar kuliko lililopiga picha mia mbili.

Mjini humo pia, hatua chache kutoka hekaluni, pana bustani ya Jallianwala, ambako Aprili 13, 1919 askari walioamriwa na Jenerali Dyer wa jeshi la kikoloni waliwamiminia risasi watu waliokusanyika ndani ya kuta. Hesabu ya serikali ya kikoloni ilitaja waliokufa 379, na Wahindi wamesema tangu siku hizo kwamba walikuwa wengi zaidi. Matundu ya risasi yangali ukutani. Kutia kidole ndani ya tundu na kutabasamu kwa ajili ya picha, jambo linaloonekana pale, ni aibu. Vilevile, Juni 1984 jeshi la India lilishambulia Hekalu la Dhahabu lenyewe, na kidonda hicho hakijapona. Mgeni asikifungue kwa maswali ya kujionyesha anajua. Mwenyeji akitaka kusimulia, atasimulia, na hapo kazi ya mgeni ni kusikiliza.

Varanasi ndiko kunakompima mtu zaidi. Kwenye ngazi za Manikarnika, ukingoni mwa Ganga, maiti huchomwa usiku na mchana. Jeneza la mianzi huteremshwa likiwa limefunikwa vitambaa vya rangi, mwili huchovywa mtoni, kisha hulazwa juu ya kuni. Mwana, kichwa kimenyolewa na amevaa nguo nyeupe, ndiye huwasha moto. Kwa desturi wafiwa hujizuia kulia hapo. Mtalii aliye kwenye mashua huona watu watulivu, akafikiri haya ni maonyesho. Ni mazishi. Hakuna familia ya Mombasa wala Bagamoyo ambayo ingevumilia wageni thelathini wasimame juu ya kaburi lililo wazi wakirekodi kwa simu. Picha haipigwi, iwe kwa karibu au kwa mbali, wala kwa kisingizio kwamba mwenye mashua amesema hakuna neno. Watakuwepo vijana watakaojitolea kumpeleka mgeni mahali pazuri pa kutazamia, halafu wakadai pesa nyingi za kuwanunulia kuni maskini. Ni hila ya zamani pale. Akatae kwa upole, aendelee na safari yake. Anayetaka picha za Varanasi angoje jioni, kwenye ibada ya taa ya Dashashwamedh, ambako wenyeji wenyewe huja na simu zao.

Kuhusu meza, maneno machache yanatosha. Wahindi wengi wa kaskazini hawali nyama kabisa, na Wajaini huacha hata vitunguu na saumu. Chakula cha pakiti hubeba alama: doa la kijani ndani ya mraba maana yake hakina nyama. Katika miji mitakatifu ya Haridwar na Rishikesh nyama haiuzwi wala pombe, na asiyeweza kuvumilia siku mbili asilaumu mji. Chakula au kikombe kilichokwisha kuguswa na mdomo hakipewi mtu mwingine. Ndiyo sababu mwenyeji akinywa kwenye chupa ya wote humimina maji kinywani bila kuigusa. Mgeni aliyezoea kumega andazi lake na kumpa nusu jirani wa kitini amege kwanza, aume baadaye.

Kwenye treni ya usiku kitanda cha katikati hulaliwa kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Nje ya saa hizo hukunjwa ili watu wa chini wakae. Kundi linalolala hadi saa tatu asubuhi huku mzee wa watu amesimama ujiani halijui lilipo.

Liko jambo ambalo msafiri mweusi anastahili kuambiwa wazi. Atatazamwa sana, zaidi ya Mzungu aliye karibu naye. Mara nyingi ni udadisi: familia kutoka kijijini itaomba kupiga naye picha, bibi atataka kugusa nywele zake zilizosukwa. Anaweza kukubali, anaweza kukataa kwa tabasamu na mkono kifuani. Lakini ubaguzi nao upo, na haufai kufunikwa. Mei 2016 kijana Mkongo aliuawa Delhi baada ya ugomvi wa kugombea bajaji usiku. Kwa hiyo bei ikubaliwe kabla ya kupanda, usiku watu watembee wawili wawili au zaidi, na mzozo wa rupia hamsini usikuzwe barabarani. Hapa ndipo kundi lina faida yake: mmoja akisumbuliwa, wenzake wasimame karibu naye, kiongozi aitwe, wala asiambiwe baadaye kwamba alikuwa mwepesi wa kuudhika.

Ndani ya basi, viti vya mbele vizunguke, wazee na wenye kichefuchefu wakitangulizwa. Mwongoza watalii akilipeleka kundi kwenye duka la mazulia au vito Jaipur, ijulikane kwamba mara nyingi hupata kamisheni hapo. Chai inayotolewa haimfungi mtu kununua. Asiyenunua akae, anywe, ashukuru. Anayenunua apatane bei kwa moyo mweupe, na akishakubaliana asirudi nyuma. Dereva aitwe kwa heshima, *bhaiya*, yaani kaka, na mwanamke mtu mzima *didi*, dada. Mwanamume asimtangulizie mwanamke mkono. Viganja viwili vilivyokutanishwa kifuani vinatosha.

Bakshishi ikusanywe siku moja kabla ya kuagana, si kwenye varanda ya uwanja wa ndege watu wakipekua mifuko. Iwe bahasha mbili, ya mwongozaji na ya dereva, na ya dereva izingatie kwamba ana msaidizi, yule kijana anayeosha basi alfajiri na kupandisha mabegi juu, ambaye wengi hawamuulizi jina. Mkubwa wa kundi ndiye akabidhi, kwa mkono wa kulia, kila mtu akiwepo. Na yeyote aliyemwahidi mtu picha, awe mzee wa Amritsar au watoto wa stesheni, aitume usiku huohuo kabla ya kufunga begi, wakati namba bado iko kwenye simu na sura ya mwenyewe haijachanganyika na nyingine.